Kioo cha Mlango wa Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, wifi na watoto hawajambo? Sisi tunaamka na tunalala. Baba anakula vizuri, mguu uliokuwa ukimvimba umepona, na lile bati la jikoni ulilosema litaondoka na upepo bado lipo, linapiga kelele tu. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi, maana kwa simu siwezi. Baba siku hizi anasikia hata paka akipita juu ya ukuta, na nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani anakupa pole aliye uani. Barua hii anakuletea mama jirani wa nyumba ya pili, anayekwenda huko kwa binti yake. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Nianze na unalolijua. Kioo cha mlango wa nyuma wa gari la baba, ule wa buti, kilishuka miezi miwili iliyopita kikagoma kupanda. Kila ukipiga simu unamtania kwamba fundi umeme wa magari wa miaka thelathini ameshindwa na dirisha. Anacheka, lakini akishakata simu anarudi uani na bisibisi yake. Unajua pia kwamba hawezi kuliendesha gari lile kioo kikiwa wazi. Moshi wa ekzosi unavutwa ndani kwa nyuma, na aliwahi kumtoa mteja wake kwenye usukani akiwa amezirai. Tangu hapo aliwahubiria watu wote habari ya moshi, na mahubiri yakamfunga hata yeye. Kwa hiyo gari limekaa uani, ufunguo uko mfukoni mwake, na anachosubiri ni kioo tu.

Usilolijua ni kwamba baba haoni. Utasema alikusomea gazeti ulipokuja. Alisoma, ndiyo. Daktari alinieleza kwamba presha ya macho imemla pande zote, katikati pamebaki padogo, ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Gazeti linaenea ndani ya bomba hilo. Mtu anayevuka barabara haenei. Baba alinikataza nisikuambie, akasema daktari anatia chumvi, na mimi nikanyamaza kwa sababu ni baba.

Wiki moja kabla ya kioo kugoma alinipeleka sokoni. Pale njia panda penye mashine ya kusaga, mama mmoja alikuwa anavuka na ndoo ya nguo kichwani. Nilimwona kutoka mbali, nikasubiri baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nilipopiga kelele, saitimira, kile kioo cha pembeni, ilikuwa imeshamkumba, mama yuko chini na nguo zake zimetapakaa njia nzima. Aliinuka akatutukana sana, na mimi nilimshukuru Mungu kwa kila tusi, maana maiti hatukani. Baba aliniuliza tumegonga nini. Nilipomwambia, akasema watu siku hizi hawatazami njia.

Basi kioo kikagoma, na baba akaanza kukitafutia ugonjwa kwa utaratibu wake uleule, chepesi kwanza, kizito baadaye. Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi ya dashibodi nzima. Akazungusha ufunguo kwenye tundu la mlango wa nyuma, kimya. Akafungua kava ya ndani, akaipa mota moto moja kwa moja kutoka kwenye betri, na kioo kikapanda vizuri mpaka juu. Akalala kwa furaha. Asubuhi tukakikuta kimeshuka. Akasema kuna waya unagusana wenyewe mahali fulani, na gari lenye waya wa namna hiyo litakuja kuunguza watu, hatalipeleka popote mpaka aupate.

Ameutafuta, kaka. Taa ya kupimia ameiacha, kwa sababu hawezi kutazama mkono na taa kwa wakati mmoja. Ameunga kengele ndogo ya mlangoni badala yake, inalia akigusa palipo na umeme. Kwangu alisingizia jua kali. Siku nzima naisikia kengele ile hata nikiwa kwenye kibanda changu cha ufundi, na ikinyamaza kwa muda najiuliza, ameupata? Alipima nyaya zote za upande wa dereva, zikawa nzima. Kesho yake moja ikawa imekufa. Akaiunga, akasogea nyuma mpaka kwenye ule mpira unaopitisha nyaya penye bawaba, akakuta nzima, na kesho yake mpira ni mzima lakini waya unaoshikizwa kwenye bodi ya gari umelegea. Wewe unamjua. Mtu aliyekuwa akitugombeza tukirudia kupima waya uliokwisha kupimwa, sasa anarudia waya mmoja mara nne, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini kama jana tuliupima au aliota.

Na mimi nimekaa hapa nimeganda. Nilikuambia kwamba kazi ya karakana ya mabasi niliikataa kwa sababu msimamizi ana mdomo mchafu. Si kweli. Msimamizi ni mtu mwema na ameniwekea nafasi hiyo mara mbili. Nimeshindwa kwenda kwa sababu siku nitakayotoka hapa, kioo kitapona. Kaka, anayekiharibu ni mimi.

Kila asubuhi baba akiingia kuoga nina dakika ishirini. Nakata waya mmoja ndani ya tepu, naurudishia tepu kama ilivyokuwa, au naunga wa jana na kulegeza mwingine mahali asipotarajia. Ile siku aliyokipandisha kwa betri, niliyekishusha kwa betri hiyohiyo ni mimi. Betri na stata sikuzigusa, hizo angezigundua kabla chai haijapoa. Nilichagua kioo kwa sababu ya amri yake ya moshi, na kwa sababu fundi kama baba hawezi kuita fundi mwenzake kwa ajili ya dirisha, atakufa kwa aibu. Nilijiona mjanja. Nilidhani atachoka baada ya wiki mbili, gari liote majani, mimi niende zangu kazini. Nilisahau ni nani aliyenifundisha kutochoka. Siwezi kusafiri, siwezi kuumwa, siwezi hata kuchelewa kuamka. Mchumba wangu ameshaniuliza kama nina mtu mwingine.

Juzi Jumatatu nilirudi mchana nikamkuta yule fundi wa rejeta wa mtaa wa pili anatoka getini na sanduku la vifaa la baba begani. Lile la chuma. Nikadhani ameazima. Akasema amepewa moja kwa moja, mzee amemwambia mikono yake imekufa. Niliingia nikamkuta baba amekaa kitandani, mikono ameiweka juu ya magoti, anaitazama kama vitu vya mtu mwingine. Aliniambia kilichomtisha si macho. Macho alijua yanakwenda, akajipa moyo kwamba fundi umeme anaweza kufanya kazi kwa vidole. Sasa vidole vinamdanganya, na akili haishiki ya jana, na anaogopa ataamka siku moja asilijue jina langu. Kisha akalia. Mimi baba sijawahi kumwona analia, hata siku tuliyomzika mama.

Kaka, nilikuwa nimemnyima kuendesha, na hilo sijutii. Lakini nilikuwa nimemnyang'anya na ile kazi iliyobaki mikononi mwake, na nikamwacha aamini kwamba anarukwa na akili. Jana asubuhi nikamwambia yote.

Akauliza nilianza lini. Akauliza ni nyaya zipi, na kwa mpangilio gani, nikamtajia moja moja huku akihesabu kwa vidole. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia alijua, alijua kabisa waya wa upande wa dereva ulikuwa mzima siku ile. Alinishika kichwa kama zamani nikipata maksi nzuri. Nilisimama pale nikisubiri aniulize kwa nini nilifanya vile. Jibu nilikuwa nalo tayari, la macho na la yule mama wa ndoo. Hakuuliza.

Alichukua vifaa vyangu akaenda uani. Hakutaka nimshikie hata tochi. Kwa vidole tu, chini ya saa moja, alipata miunganiko yangu yote, akanisema kwa miwili niliyoifunga ovyo, akaunga upya, akabonyeza swichi. Kioo kilipanda, kikashuka, kikapanda. Kimepona kabisa, ni kazi safi kuliko nitakavyowahi kufanya mimi. Nilipomwambia tuzungumze habari ya macho, alijibu kwa upole kwamba mtu aliyemdanganya kila asubuhi kwa miezi miwili hawezi kumfundisha lipi ni kweli. Nimejaribu tena leo mara tatu, haambiliki. Ufunguo analala nao.

Nikimharibia gari tena, ndiyo nimemmaliza. Nikiliacha zima, ataua mtu. Maneno yangu hayana uzito tena humu ndani, yaliyobaki ni yako, na wewe hujawahi kumwambia lolote zaidi ya kumsifu na kumtania. Sikulaumu, hukujua. Sasa unajua.

Jumapili anakuja kwako. Amenikataza nisikuambie, anataka kuwashtukiza kwa honi mlangoni. Ni mwendo wa saa tatu, na nimeamua nitakaa naye mbele, nimtajie kila mtu na kila ng'ombe, kwa sababu kumwacha aende peke yake sitaweza. Njoo kabla ya hapo, kaka. Njoo umwambie mwenyewe, uso kwa uso, wewe mwanawe wa kwanza. Usipoweza kuja, basi nakuomba jambo moja. Watoto wako wana tabia ya kukimbilia gari kabla halijasimama. Jumapili tangu asubuhi wafungie ndani, na ukisikia honi ya babu yao, usiwafungulie mpaka niwaite mimi.

Msalimie wifi, mwambie kitenge chake kimefika na nimekipenda. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Baba hajui kama nimekuandikia, vinginevyo angekusalimia.

Ni mimi mdogo wako,
Spana