Nangoja Dola Ipande Ndipo Nirudi kwa Mke Wangu

Mpendwa Bibi Wambura, shikamoo, naomba msaada wako maana nimekwama. Mimi ni mtu wa Bukoba, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee hapa Beltsville, ughaibuni, karatasi zangu ziko sawa na kusafiri naweza, ila miaka sita sijamwona mke wangu Adventina, nilimwahidi nitarudi siku nyumba yetu itakapoezekwa, basi kuta zimesimama na dola za mabati ninazo, nikasema ngoja dola ipande kidogo nipate shilingi nyingi, ikapanda, nikasema ngoja tena, mara shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka kutoka karibu elfu mbili na mia saba hadi elfu mbili na mia nne na kitu, na mimi moyo ukashuka nayo. Kila Novemba Adventina ananikaangia senene, wale panzi wetu watamu, ananiwekea kwenye kopo, ananionyesha kwenye simu mpaka naisikia harufu, kisha wanaliwa na majirani. Juzi kwenye maombi yetu hapa Riverdale Park niliomba tuombee shilingi ishuke, Mzee Nehemiah, Mkenya, akaniuliza, "Na mama yako atanunua mafuta ya kupika na pesa gani?" Watu wakacheka. Adventina naye kaniambia, "Baba Audrey, mimi sikuolewa na dola." Ningoje au niende?

Respicius, Beltsville

Marahaba, Respicius. Mzee Nehemiah alikuuliza vizuri. Kuomba hela ya kwenu ianguke ili wewe uonekane tajiri, huoni aibu?

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nimeuza mitumba Musoma miaka kumi na minane, dola naijua kuliko wewe unayeichungulia kwenye simu. Belo, lile robota la mitumba, hununuliwa kwa dola huko linakotoka. Dola ilipopanda, belo nalo lilipanda, na mama wa magauni mawili alinunua moja. Mabati yako ni hivyo hivyo, chuma chake kinatoka nje. Wewe ukipata shilingi nyingi, mwenye duka naye anazitaka nyingi. Sasa ulikuwa unangoja nini? Mwenye kahawa ndiye hufurahia shilingi dhaifu, maana mnunuzi wake analeta dola, na mwenye kahawa huyo huyo akienda kununua mbolea analia. Nchi haipangiwi bei kwa ajili ya paa lako.

Pole nakupa, maana napajua ulipo. Mwaka wa kumi na moja huu niko Oxon Hill kwa mwanangu, na bado kuna asubuhi naamka nautafuta mlango upande ulipokuwa kwangu Musoma. Mume wangu alifariki nikiwa huku, nangoja tiketi ishuke bei. Ilishuka mwezi uliofuata.

Kata tiketi wiki hii. Dola badilisha kwa bei utakayoikuta, ezeka vyumba viwili, vingine vitangoja, vyenyewe havina moyo. Kisha mpigie Adventina leo, umpe tarehe. Akinyamaza usimjazie maneno, atakuwa analia.