Mzio wa Zahanati Nzima

Jumatatu, 4 Machi
Programu yangu ya kadi za wagonjwa inakula sifuri! Namba sita za simu zimeingia bila sifuri ya mwanzo. Kosa langu — nilisema kigeu cha simu, yaani kisanduku cha kuihifadhia, ni cha aina ya namba, na namba haina haja na sifuri ya mbele. Nimekifanya cha maandishi, nikaingiza upya zote. Kumbe si kila chenye tarakimu ni namba.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, mwalimu wangu wa haya mambo, ananitania: karani wa mapokezi anataka ufundi kwa wiki mbili! Lakini muuguzi mkuu ameshainakili programu kwenye fleshi, akaipeleka dirisha la dawa. Kichwa kimenivimba, sifichi.

Jumatano, 6 Machi
Ajabu! Nimemwingiza fundi saa: mzio wa penisilini. Kisha mwalimu wa hesabu: hana mzio. Kurudi kwa fundi saa — naye hana! Nikamwingiza mshona viatu, salfa. Wote salfa! Nimecheka mpaka mfagizi akachungulia.
Nikakihamishia kigeu cha mzio ndani ya methodi ya kusajili, kile kipande cha programu kinachoandikisha mgonjwa. Methodi ikaisha, nacho kikapotea. Sasa mzio hauna mwenyewe. Kwa nini?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeelewa! Ni lile neno, statiki. Kompyuta ilinigombeza siku ya kwanza, nikaliweka ili inyamaze tu. Kigeu cha statiki ni kimoja kwa klasi nzima, yaani kile kiolezo cha kadi zote, na wagonjwa wote wanakichangia. Cha ndani ya methodi kinaishia humo humo. Mimi nataka cha kila mgonjwa peke yake. Nimelifuta neno hilo, nikapanga upya mistari mitatu. Kila mtu na mzio wake! Nimeruka kwenye kiti.
Nikampigia shemeji. Hakucheka. Akauliza, ile ya zamani anaitumia nani?
Mungu wangu. Dirisha la dawa. Na limeshafungwa.

Ijumaa, 8 Machi
Muuguzi mkuu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kwenye nakala ya dirishani aliyeingizwa mwisho hana mzio, kwa hiyo wote wamesomeka hawana. Tumetoa kadi za karatasi stoo, tunazipitia moja moja. Ishirini na mbili salama. Ya ishirini na tatu, mama mshona mapazia: penisilini, hatari. Mwandiko wangu mwenyewe. Jana jioni alipewa vidonge hivyo hivyo.
Muuguzi mkuu ametoka mbio kwenda kwake. Mimi nimeachiwa simu. Nampigia huyo mama huku naandika. Mara ya sita.
Imepokelewa — sauti ya mwanamume. Anauliza mimi ni nani.