Mume Wangu Alitua kwa Tumbo, Lawama Zikamwangukia Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, kabla sijaeleza naomba usicheke, maana mimi mwenyewe nikicheka naishia kulia. Mume wangu ni rubani wa ndege ndogo, na wiki iliyopita alimpandisha mama yake kwa mara ya kwanza, mama mbele, mimi nyuma, tulipokaribia kutua mama akataka kuiona nyumba yetu kutoka juu, basi baba watoto akawa anamwonyesha, "Lile bati la kijani, mama, unaliona?" mama halioni, mara king'ora kikaanza kulia humo ndani, mama akasema, "Hebu zima simu yako tuongee," naye akaendelea na bati lake mpaka tukasikia tumbo la ndege linakwaruza lami, kumbe hakushusha magurudumu! Hatukuumia, namshukuru Mungu, ila sasa amewaambia wakubwa zake kwamba magurudumu yaligoma, na fundi wa ndege hiyo ni mdogo wangu wa kunifuata, amesimamishwa kazi, Jumatatu tunaitwa wote kuhojiwa, na mume wangu ananibembeleza niseme nilikuwa nimesinzia. Nikisema kweli namponza mume, nikinyamaza namzika ndugu yangu. Nifanyeje?

Mke wa rubani

JIBU: Pole kwa mshtuko, dada. Nimejitahidi nisicheke, nikashindwa pale kwenye simu. Lakini usingizi gani huo, king'ora kinalia na wewe unakoroma? Wachunguzi si watoto wadogo. Wataiweka ndege juu ya jeki, wabonyeze swichi, magurudumu yashuke kwa adabu zote, na hapo mumeo atakuwa na makosa mawili: kusahau na kusingizia. La kwanza linaweza kusameheka. La pili litamtoa kazini.

Mama mkwe naye, akitamani tena kuliona bati, mnunulieni ngazi.

Leo hii, mumeo akishakula, mwambie uso kwa uso, "Baba watoto, mimi sikusinzia." Mpe nafasi aende mwenyewe kwa wakubwa zake kabla ya Jumatatu, tena apite kwanza kwa shemeji yake amwombe radhi. Akikataa, ingia kwenye mahojiano useme ulichokiona, bila kutia chumvi. Atanuna, pengine atahamia sebuleni. Mwache anune, kochi litamchosha na atarudi chumbani. Ila fundi akishafukuzwa kwa uzembe ambao si wake, hakuna atakayemkabidhi hata baiskeli.