Kompyuta Inayozimika Jumamosi Tu

Chumba cha Cherehani,
Uani kwetu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kazi je, na baridi ya huko? Unakula ukashiba, au bado unalidanganya tumbo kwa mikate mikavu? Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi.

Sasa nikujibu lile neno lako la juzi. Uliniandikia kwamba siku hizi nikiona nafungwa naikimbia gemu yetu ya mpira ya mtandaoni, najizimia kompyuta makusudi. Mimi? Nikukimbie wewe, ambaye golikipa wako hata mpira wa kurudishiwa unampita? Hiyo kompyuta uliyotuachia inazimika yenyewe, tena katikati ya mechi. Na wewe unajua Jumamosi ni siku ya Mama. Kwenye simu unamwambia sijambo, sijambo, unakata. Ukicheza ndipo unapobwabwaja na kucheka kwenye spika, naye anakaa kitini anakusikiliza mpaka mwisho. Ikizimika, anainuka kwenda kulala.

Wa kwanza kumshuku alikuwa shemeji yako. Nilikuta programu kibao zinazojiwasha kila kompyuta inapofunguliwa, nyingine za kushusha filamu, nyingine sijui za nini. Akaapa hazijui. Mtu anayeapa kabla hajaulizwa vizuri mimi simwamini. Nikazifuta zote, nikasaka virusi, nikapunguza mizigo kwenye diski. Jumamosi ilipofika, wachezaji wangu wakaanza kutembea kama wamekanyaga tope, kisha giza.

Nikahamia kwa fundi wa kompyuta. Huyo kabla hata hajafungua sipiyu, lile boksi la mashine, alishaniambia ninunue kadi mpya ya picha. Ehee! Nikatoa chaki yangu ya kukatia nguo, nikaweka alama kwenye kila kifaa cha ndani asije akanibadilishia, nikavuta stuli nikamkodolea macho.

"Dada, mbona unanilinda kama mwizi?"

"Sijakuita mwizi. Fanya kazi."

Akapuliza vumbi, likatoka la kujaza kopo. Akapaka upya ile dawa ya kupitisha joto, akawasha gemu, ikaenda laini muda wote niliokaa pale. Akaniwekea na kijiprogramu kinachoonyesha joto pembeni mwa kioo. Alisema joto likipanda sana mashine hupunguza mwendo, ikizidiwa hujizima ili isiungue. Ile kadi ya zamani, kumbe, ilikuwa nzima. Alama za chaki nazo nilizikuta mahali pake, nikamlipa kwa shingo upande.

Nyumbani nikajaribu peke yangu Jumatano: safi kabisa. Jumamosi, sote tukiwa sebuleni: ikazimika. Basi nikajua mhalifu tunaishi naye.

Jana nilimtoa shemeji yako nje, akakae kwa jirani. Nikacheza nawe jicho moja kwenye mpira, jingine kwenye joto. Katikati ukakohoa, unakumbuka? Kile kikohozi kirefu, ukasema ni vumbi tu. Mara namba ikaanza kupanda. Nikageuka ghafla.

Mama alikuwa amevua shali yake ya sufu, ameifunika sipiyu yote, hadi nyuma kwenye feni, anazichomekea pembe zake taratibu. Kumbe ndivyo afanyavyo kila Jumamosi! Sipiyu iko sakafuni, ubavuni mwa kiti chake, na mimi macho yote yako kwenye kioo. Mashine ikizimika anajirudishia shali mabegani kabla sijainama kutazama.

Nikafoka. "Mama! Unaiziba pumzi! Kwani unadhani mwanao yumo humo ndani?"

"Najua hayumo, sijachanganyikiwa," akasema. "Lakini anakohoa. Sasa nimfunike wapi?"

Ah, mdogo wangu! Nililia pale pale mbele yake, mimi mnayeniita Polisi.

Shemeji yako nimemruhusu kurudi ndani, ingawa habari ya zile filamu bado haijaniingia akilini. Sasa umebaki wewe. Hicho kikohozi tunakisikia kila wiki, na kila wiki unasema ni vumbi. Halafu mbona siku hizi kamera huiwashi? Unasema imeharibika, lakini hujawahi kuniuliza namna ya kuitengeneza, wewe uliyekuwa ukinisumbua kwa kila kitu. Nenda hospitali wiki hii, na usiniletee hadithi.

Shali nimeiweka kwenye kifurushi hiki. Mama amekubali kuitoa kwa sharti moja tu, kwamba Jumamosi uwashe kamera akuone umejifunga. Mimi sitaitazama shali. Nataka kuona umekonda kiasi gani.

Shemeji yako anakusalimu, shangazi naye anakusalimu, na Mama anasema ule. Mungu akulinde huko uliko na akupe kifua chepesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku.