Windows ya mume wangu imelala, na Scovia yumo ndani

Shangazi Magdaline mpendwa, naomba msaada wako ingawa nimeolewa vizuri kuliko mwanamke yeyote hapa Juba, maana hii ni wiki ya tano na Nyuon wangu akitoka kazini kwenye mizigo pale uwanja wa ndege bado ananiita bibi arusi mbele ya majirani, nami bado naona haya, na katika zawadi zote alizonipa hakuna iliyonigusa kama siku alipoigawa kompyuta yake sehemu mbili akasema, "Nyachuol, huku Windows ni ya kazi zangu, huku Linux ni kwako," nikalia, Shangazi, kumbe mtu anaweza kukujengea chumba hata ndani ya diski.

Nenosiri la Windows silijui na sikuwahi kuuliza, ila Jumatatu alisafiri na ndege ya mizigo kwenda Malakal, upweke ukanishika, nikawa nabofya kila kitu kwenye Linux yangu, nikaona alama ya diski nyingine, nikaigusa, ikafunguka bila kuniuliza nenosiri lolote, na humo ndani ilikuwa Windows yake yote, pamoja na folda ya HARUSI yenye picha mia mbili na kumi ambazo sikuwahi kuziona, na vile Nyuon alivyopendeza na ile suti ya samawati, nilibusu kioo.

Halafu nikamwona Scovia. Anafanya kazi na Nyuon, amevaa gauni la njano, na yumo kwenye picha thelathini na moja, mara anashika mwavuli wetu, mara anamfuta Nyuon jasho, mara anacheka tu, na kwa kuwa Nyuon akirudi Ijumaa anataka tuchapishe picha moja kubwa ya ukutani nikaona nimsaidie kuchagua mapema, nikaanza kumfuta Scovia, lakini kompyuta ikakataa, ikasema sehemu hiyo ni ya kusoma tu, sina ruhusa ya kubadilisha chochote. Mimi, mke wake wa ndoa!

Nikampigia simu kwa ujanja. "Mpenzi, kompyuta uliizima?"

"Windows niliilaza tu, mama, ndege ilikuwa inasubiri. Barua yangu ya kuomba ile kazi ya usimamizi iko wazi, sijaihifadhi. Nitaimalizia nikirudi."

Nikamwambia nampenda.

Nikaipeleka kompyuta kwa Lino, fundi wa soko la Konyokonyo, akaitazama akacheka. "Okti, dada yangu, Windows iko imelala, ndiyo maana inakataa kuguswa. Mimi iko na amri moja, unaandika, inafungua kwa nguvu. Lakini kile ilikuwa imeshika usingizini, kalas, kinapotea." Akaniandikia amri hiyo kwenye karatasi, nayo iko hapa mbele yangu, Shangazi, na kidole kinaniwasha. Nikiiandika nitakuwa nimekosa, hata kama nalinda ndoa yangu?

Nyachuol, mke wa Nyuon (napenda sana kuliandika hilo), Thongpiny

*

Nyachuol mwanangu, hongera kwa ndoa. Sasa weka hiyo karatasi chini.

Jibu ulikuwa nalo kabla ya kuniandikia. Mumeo alikwambia kwa mdomo wake kwamba barua yake imo ndani ya usingizi huo, nawe ukamjibu kwamba unampenda, kisha ukaenda kwa fundi. Mapenzi gani hayo, ya kumkosesha mtu cheo ili umtoe mwanamke kwenye picha?

Nakuhurumia, maana nyumba ikiwa kimya kila picha huanza kusema. Lakini umeandika mwenyewe "mwavuli wetu". Mtu aliyekushikia mwavuli kwenye jua la Juba ulitaka asimame wapi, kule mbali Gudele? Hilo la jasho, sawa, limenisimamisha hata mimi, na una haki ya kuliuliza. Muulize mwenye uso uliofutwa. Picha haijibu.

Tuje kwenye kompyuta. Kusoma tu si kufukuzwa. Unaweza kuzitazama picha zote na kunakili unazozipenda upande wako wa Linux, hakuna kitakachoharibika. Usilazimishe chochote. Ijumaa mwache Nyuon aingie Windows mwenyewe, aihifadhi barua yake, kisha aizime kabisa, siyo kuilaza, na auondoe ule mpangilio wa kuwaka haraka, kwa sababu nao huiacha Windows jicho moja wazi hata ukidhani umeizima. Baada ya hapo Linux yako itaweza kuandika humo, na kufuta pia. Ndiyo maana nataka mzungumze kabla ya hapo.

Nanyi waume mnaosoma hapa mkitabasamu: nenosiri la Windows hulinda mlango wa mbele tu. Asiyefunga diski yenyewe kwa nenosiri lake asishangae mkewe akipitia uani.

Wewe, Nyachuol, Ijumaa mpe maji, akae, umwambie uliingia na ulichotaka kufanya. Usimwombe nenosiri. Ukimaliza kusema, nyamaza, umwachie yeye aamue kama atakuandikia hilo nenosiri.