Sauti Yako Niliyoiacha Wazi

Yaya Kapinga, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike sijapita mbele ya nyumba yako. Nazungukia upande wa mto, na watu wa Naviundu wanadhani ni huzuni. Si huzuni peke yake.

Unakumbuka ulivyotuomba, sisi waimbaji wa korali ya kanisa, tuhamie ile aplikasyo nyingine ya simu, ambayo ujumbe unafutika ukishasikilizwa? Baada ya mazoezi ulishika simu zetu moja moja, ukituonyesha. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nikakuuliza mbele ya wote unaficha nini. Ukajibu kwa upole: "Kila muntu iko na rido ku dirisha. Bote ni bezi?" Ulitaka kusema kuwa pazia la dirishani halimfanyi mtu mwizi.

Ulipotoka kwa daktari ukaniandikia: "Mudogo, weka ile aplikasyo, niko na neno ya kukuambia." Nikajibu nina kazi nyingi. Nilikuwa nimekaa tu. Basi ukatuma sauti yako kwa njia ya zamani: ugonjwa umefika kwenye ini, na binti yako Bijou asijue mpaka umfuate kule Kasomeno anakoishi, umwambie mwenyewe.

Niliisikiliza kwenye kompyuta ya duka la fotokopi ninapofanya kazi, nikatoka kununua chakula bila kuifunga. Niliporudi, mke wa patron wangu, mwenye duka, alikuwa anaisikiliza mbele ya wateja, anafuta machozi. Kesho yake Bijou akakupigia akilia, kuuliza kama ni kweli unakufa. Aliambiwa na mwanamke wa sokoni.

Ulipotuuliza ni nani aliyesema, nilinyamaza. Watu wakamtazama mwenzetu wa korali, Mujinga, kwa kuwa anapenda maneno. Nami nikamtazama. Yaya, nilimtazama kama wengine. Ukafa ukiamini ni yeye, na kwenye kilio chako hakuthubutu kuja.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilisimama nikawaambia wote kuwa ni mimi, Mujinga akiwepo. Hakunitukana. Alichukua mkoba wake akatoka. Kisha mmoja wa waliobaki akaninyooshea simu yake nimwekee ile aplikasyo uliyotuomba. Wakawa watano. Niliwawekea wote. Mujinga nimekwenda kwake mara mbili, hafungui mlango. Nitarudi.

Amebaki Bijou. Wiki ijayo napanda gari kwenda Kasomeno. Simu haitatosha kwa neno hili. Akinifukuza, nitakaa nje mpaka anisikilize, na sitamwomba anihurumie.

Pumzika, yaya wangu. Sikustahili kuaminiwa, nawe uliniamini.

Mudogo wako,
Ngalula