Herufi Nilizokunong'onezea

Dada Mwende,

Nina hasira na wewe tangu tukuzike, na leo nimechoka kuificha.

Binti yako Mumbua amepatikana na ugonjwa wa sukari, kama wewe. Amepewa barua akapimwe macho, na amekataa katakata. Anasema, "Mama aliambiwa macho iko sawa, na baada ya miezi michache hakuwa anaona hata uzi. Hao watu hawajui kitu." Hapa Kianda kila mtu anamuunga mkono. Mimi nanyamaza, kwa sababu mimi ndiye najua.

Unakumbuka ile kliniki ya Kawangware. Bosi wa pale ulikokuwa unashona yunifomu alitaka karatasi ya macho, la sivyo angekutoa kwa cherehani. Ubao wa herufi ulikuwa umetundikwa kwa korido, sote kwenye benchi tunautazama. Wewe uliona ukungu tu. Ukanigusa na kiwiko: "Nisomee, Kasyoka." Nikakunong'onezea mstari kwa mstari mpaka ukashika zote. Nesi akaandika uko sawa. Tukatoka tukicheka, tukanunua mutura, ule utumbo wa kuchoma. Tulijiona wajanja sana.

Ubao unaweza kuukariri. Kile kipimo cha mwanga ulichofanyiwa baadaye, hapana. Walikutia matone, wakakuwekea uzi mwembamba kwa jicho, taa ikawa inamulika, na mashine ikangoja sehemu ya nyuma ya jicho ijibu yenyewe. La kushoto halikujibu kabisa. Daktari akauliza, "Mbona hamkuja mapema?" Ukaniangalia. Ama uliangalia pale ulipodhani nimesimama. Sijui. Inaniuma mpaka leo.

Halafu ile bodaboda pale steji ya Olympic, ikaja na upande ambao hukuwa unaona, ikakugonga. Kwa mazishi wakasema ni kazi ya Mungu. Mungu gani, Mwende? Ni kazi yetu, mimi na wewe. Ulijali cherehani kuliko macho, na mimi sikuwa na akili ya kukukatalia.

Sasa lala, dada yangu. Nakuahidi kesho asubuhi nitaenda kwa Mumbua kabla hajafungua kibanda chake, nimwambie tulichofanya, bila kukuficha wewe wala kujificha mimi. Atanifukuza, na pengine hatanisalimia tena maishani. Sawa tu. Afadhali anichukie akiwa ananiona.

Mdogo wako,
Kasyoka